Pini ya Nne

Wifi yangu ndiye aliyeiona damu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mteja, pini nne nimezibana mdomoni kama kawaida, mikono yote miwili iko kwenye pindo la gauni jeupe lililotakiwa tangu jana yake.

"Wifi, unavuja," akasema kutoka kwenye cherehani.

"Navuja nini, mimi bati?" nikamjibu kwa pembe ya mdomo, maana ukiwa na pini hufungui mdomo wote.

"Mdomo wako huo. Angalia nguo ya watu!"

Nikaangalia. Kulikuwa na doa jekundu, dogo kama punje ya mtama, na la pili likadondoka nikiliona. Nikatema pini mkononi. Zilikuwa tatu. Ya nne ilikuwa imezama nusu nzima kwenye mdomo wa chini, upande wa kushoto, na mimi sina habari. Hata nilipoichomoa sikuhisi kitu.

Mteja akaanza kulia na gauni lake, wifi akakimbilia sabuni na maji baridi, mimi nikabaki pale chini nikijifinya mdomo kwa kucha. Kulia naumia. Kushoto ni kama nafinya mdomo wa jirani. Jasho likanitoka, na haikuwa joto.

Mtu asiye fundi atasema, pini tu, si uziweke kwenye kimto? Haya. Kata gauni, mvalishe mwanamke asiyetulia, mshike kiuno kwa mkono huu, vuta kitambaa kwa mkono ule, halafu uniambie kimto utakishika na nini. Mama yangu alinifundisha kushona pini zikiwa mdomoni, na mdomo ndio unaojua: hapa kichwa cha pini, hapa ncha, imebaki moja, zimebaki mbili. Wifi anashona mstari ulionyooka kuliko wangu, lakini kupima nguo mwilini hajui na hataki kujua. Duka letu ni mdomo wangu. Ukifa ganzi, siku moja nitameza pini nne mbele ya mteja na watanizika nazo.

Tatizo lenyewe lilianza shavuni mwaka juzi, uvimbe mdogo nyuma ya taya la kushoto, hauumi. Mwaka jana nikaenda zahanati moja, wakanipiga picha ya eksirei, wakaniambia gego la mwisho halikuota, limelala ndani ya mfupa, na kwenye picha kuna ukungu ukungu tu, nirudi baada ya miezi sita. Miezi sita! Mimi mtaa mzima unaniita Chapchap. Kuna watu wamezaliwa na subira, mimi nimezaliwa na mkasi. Sikurudi. Shavu likaendelea kukua, nikaanza kutafuna upande mmoja, nikajitia hamnazo. Wiki ile ya damu lilikuwa limepata moto na linapwita.

Siku ya pili yake tukaenda hospitali kubwa, mimi na wifi. Nilikuwa nimebeba bahasha ya ile picha ya mwaka jana, nimeikumbatia kama hati ya kiwanja. Ilikuwa ushahidi wangu. Tangu kwenye foleni nilikuwa namweleza kila mtu jinsi wale wa zahanati walivyonidharau, na nilivyopania wajieleze mbele ya mkubwa wao.

"Punguza sauti, wifi," akasema wifi. "Hata mwenye kidonda cha mguu anajua habari za jino lako."

"Na ajue!"

Daktari wa taya alikuwa binti mdogo, mwembamba, anayetumia mkono wa kushoto na kuongea taratibu mpaka unatamani umsaidie kumalizia sentensi. Akanikalisha kwenye kile kiti cha kulala, akaingiza kidole ndani, akakandamiza mfupa nyuma kabisa. Nikasikia kitu kinabonyea, krr, kama ganda la yai.

"Umesikia hiyo, mama?"

"Nimesikia. Ni nini?"

"Mfupa umekuwa mwembamba sana hapa. Kuna kitu kinausukuma kutoka ndani." Akachukua pamba, akaizungusha ncha. "Sasa funga macho. Kila nikikugusa mdomo, sema ndiyo."

Nikafunga. Roho ilikuwa juu juu. Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo tena. Kimya kidogo, nikaona ananichelewesha, nikasema ndiyo ya tatu.

"Hapo sijagusa, mama."

Wifi akakohoa. Nikafungua macho, uso umeniiva.

"Nilidhani..."

"Najua unaogopa," akasema yule binti, na hakucheka. "Lakini jibu lako ndilo linaloniambia mshipa wa fahamu umebanwa wapi. Ukinidanganya, nitakata nikiwa sijui."

Tukaanza upya. Kulia nilihisi kila kitu. Kushoto, kuanzia pembe ya mdomo mpaka katikati ya kidevu, nilipata moja kati ya tano.

Chumba cha eksirei kilikuwa mwisho wa korido. Bwana wa eksirei alikuwa mtu mzima, miwani imeshuka puani, sauti ya kuchoka. "Vua vyuma vyote, dada. Hereni, mkufu, vibanio vya nywele." Nikavua huku namhutubia. Nikamwambia wenzake wa zahanati ni wazembe, hawaoni, picha zao ni ukungu mtupu, na yeye nitamwangalia kwa macho mawili. Akanisogeza mbele ya mashine ile inayozunguka kichwa, akanipa kijiti cha kuuma, akaniinua kidevu kwa vidole viwili. Halafu akasimama.

"Na hizi, dada?"

"Zipi?"

Akagusa ukosi wa gauni langu, upande wa kulia, chini ya kunjo. Pini tatu. Mimi kila asubuhi nachomeka pini za akiba pale kabla sijafungua duka, miaka ishirini na mbili sasa. Siziwazi, kama mtu asivyowaza kope zake.

Nikazichomoa. Nikamwona anaiangalia bahasha yangu mezani. "Hiyo ndiyo picha ya mwaka jana?" akauliza. "Naomba."

Akaiweka kwenye kioo chenye taa. Taya langu lote likatandazwa pale, meno kama ushanga. Chini upande wa kulia kulikuwa na mistari mitatu myeupe, miembamba, imenyooka. Kila mmoja una kichwa kidogo cha mviringo.

"Mashine inazunguka," akasema bila kuinua sauti. "Chuma kikikaa upande huu, kinatupa kivuli upande wa pili, juu kidogo, kipana na chenye ukungu." Akapitisha kidole kushoto, mahali gego langu lilipolala. "Ukungu wenyewe ndio huu. Kilichokuwa chini yake hakikuonekana."

Mwenzangu! Ushahidi wangu! Nimeutunza mwaka mzima chini ya godoro usikunjike, kumbe nimetunza pini zangu mwenyewe. Nikamwangalia wifi kupitia mlango uliokuwa wazi. Wifi huwa hana simile, anaweza kumtania hata mfiwa, lakini siku ile alitazama sakafu.

"Na wao walipaswa kuziona warudie picha," akasema yule bwana, akaizima taa. "Si kosa la mtu mmoja. Haya, uma kijiti, usitikisike."

Nilisimama nisitikisike. Mashine ikanizunguka ikilia polepole, na mimi nikawa nahesabu: mwaka mmoja, miezi miwili. Nilijichukia.

Picha mpya haikuhitaji maelezo. Nyuma ya taya kulikuwa na duara jeusi, kubwa kama yai la kware, na gego langu limelala kifudifudi chini kabisa ya duara hilo, karibu litoke ukingoni mwa mfupa.

"Jino likishindwa kuota," daktari akaeleza, "ile ngozi inayolizunguka ndani ya mfupa inaweza kujaa maji. Inakuwa kifuko. Kifuko kinakua taratibu, kinausukuma mfupa na kulisukuma jino lenyewe. Chako kimepata usaha, ndiyo maana kinauma sasa, na kimeubana mshipa wa fahamu. Unapita hapa." Akachora kwa kalamu. Mshipa ulipita chini ya jino langu, umegusana nalo.

"Toa basi. Leo."

"Nikitoa leo, mambo mawili yanaweza kutokea. Taya likavunjika, maana mfupa uliobaki ni kama kadi. Au mshipa ukakatika, na hapo mdomo huo haurudi tena."

"Sasa?"

"Nafungua dirisha dogo kwenye fizi, maji yatoke. Naweka kimpira dirisha lisijifunge. Utasafisha kwa maji ya chumvi mara tatu kwa siku. Kifuko kikikosa maji kinasinyaa, mfupa unajijenga, jino nalo mara nyingi linapanda juu lenyewe, linauacha mshipa. Hapo ndipo nitalitoa."

"Siku ngapi?"

"Miezi saba. Labda minane."

Nikaangua kicheko. Wifi akasema, "Daktari, huyu chai tu anainywa ikiwa haijachemka."

"Kingine," daktari akasema, na hapo akaongea taratibu zaidi. "Kuna uvimbe wa aina nyingine unaofanana na huu kwenye picha, na ile ganzi siipendi. Nitakata kipande cha ngozi ya kifuko kiende maabara. Majibu ni wiki mbili."

Hakulitaja neno saratani. Nililisikia hivyo hivyo.

Akanichoma sindano ya ganzi, akavuta maji kwa bomba. Yalikuwa ya rangi ya chai iliyozimuliwa, yana chembe zinazometameta, usaha kidogo umejichanganya. Akakata dirisha lake, akaweka kimpira, akakishona kwenye fizi kwa nyuzi mbili. Kwa jicho la fundi niliona anavuta uzi vizuri, hakazi mno.

Zile wiki mbili, we acha tu. Nilishona mkono wa shati upande wa nje kuwa ndani. Nilikata kola mbili za kushoto. Nilifungua duka kabla jua halijapanda vizuri, nikafagia, nikafagia tena, nikatoka mlangoni kuangalia barabara kana kwamba majibu yatakuja yenyewe kwa miguu. Mteja akiuliza "nguo tayari?" nafoka. Nilimfokea hata mwanamke aliyekuja kuulizia njia tu. Mume wangu akajifunza kula kimya. Na pini nilizitoa mdomoni nikaziweka kwenye kimto mkononi. Kazi ya nusu saa ikala saa nzima, na nguo zikawa zinakaa vibaya mabegani.

Siku ya kumi na nne wifi alinishika mkono tangu mlangoni mwa hospitali mpaka kwenye kile kiti. Daktari akasoma karatasi, akatabasamu kabla hajaongea, na kwa hilo nitamshukuru mpaka nife.

"Kifuko cha maji cha kawaida. Hakuna kibaya."

Nililia kwa sauti. Wifi naye akalia, halafu akajifuta, akasema, "Nyamaza basi, utaling'oa dirisha la watu."

Basi ikaanza kazi ya kuosha. Asubuhi, mchana, jioni. Nyuma ya pazia la chumba cha kupimia nguo tuliweka beseni, kikombe cha maji ya chumvi na bomba lisilo na sindano. Mkono wangu haukuona pa kulenga, kwa hiyo wifi ndiye aliyekuwa anaingiza ncha kwenye kimpira na kusukuma. Maji yakarudi na uchafu, mwanzo mwingi, baadaye kidogo.

"Fungua mdomo, Chapchap. Leo nimekuja kumwagilia."

"Harakisha."

"Bustani haiharakishwi, wifi."

Mwezi wa pili shavu lilishuka. Mwezi wa tatu sikuwa na maumivu hata chembe, na ubishi ukanipanda kichwani. Nimepona, naoshea nini? Siku tatu mfululizo nikamkatalia wifi, mara nina mteja, mara sina muda. Siku ya nne kimpira kikalegea, nikakitoa, nikakiweka kwenye kopo la vifungo. Wifi akakiona wakati anatafuta kifungo cha shati.

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alizima cherehani, akafunga mlango wa duka mchana kweupe, wateja wako nje.

"Unajua mimi nikoje?" akasema. "Mimi siwezi kumpima mtu nguo. Nimejaribu, nimeshindwa, kaka yako aliponioa aliniambia nitakula kwa mikono yako na nimekula miaka kumi na moja. Ukitaka mdomo wako ufe, ufe, lakini usinidanganye kwamba unauosha. Kule ulimwambia daktari ndiyo hajakugusa. Kila mtu unamwambia ndiyo ili akuache uende zako."

Nilivaa viatu tukaenda. Dirisha lilikuwa limeanza kuziba. Daktari akalifungua tena, akashona kimpira kipya kwa nyuzi nne, hakunisema hata neno moja. Bwana wa eksirei aliponiona akanyoosha kiganja kimya kimya. Nikamwekea pini zangu, na nilimwomba radhi kwa yale niliyomhutubia siku ya kwanza. Akasema hakumbuki. Alikuwa anakumbuka.

Kwenye picha hiyo duara jeusi lilikuwa limeanza kufifia pembezoni. Mfupa ulikuwa unarudi kutoka ukingoni kuja katikati, kama mtu anavyoziba tundu la soksi kwa uzi. Hilo nililielewa bila kuelezwa. Uzi ukiuvuta haraka, soksi inakunjamana. Sikukosa kuosha tena hata siku moja, ingawa kila siku nilitamani kukosa.

Mwezi wa nane jino lilikuwa limepanda. Kati yake na mshipa kulikuwa na upana wa kidole. Daktari akalikata vipande viwili, akalitoa, akakwangua na ngozi ya kifuko iliyobaki. Hata saa moja haikuisha. Taya halikuvunjika.

"Na mdomo?" nikauliza kwa ulimi mzito.

"Mshipa sikuugusa. Lakini ulibanwa muda mrefu. Unaweza kurudi wote, unaweza kurudi nusu. Njoo baada ya wiki sita tuupime."

Wiki sita! Nilisubiri nne. Ya tano ilinishinda. Asubuhi moja, kabla hatujafungua, nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikamwambia wifi alete pini.

"Si usubiri siku ya daktari?"

"Lete pini, wifi."

Akaleta kimto. "Funga macho. Naweka nne, unabana taratibu, unaniambia unahisi ngapi."

Nikafunga. Ya kwanza ikaja kulia, baridi, naijua. Ya pili katikati. Ya tatu ikagusa kushoto: ilikuwa hafifu, kama imefunikwa kwa kitambaa, lakini ipo, na kichwa chake kiko nje. Nikangoja ya nne. Nikasikia gauni la wifi likichakacha, nikasikia anavuta pumzi karibu na uso wangu, kisha akarudi nyuma.

"Tayari," akasema. "Ngapi?"

Nilipapasa kwa mdomo wote. Niliitafuta kuanzia pembe mpaka pembe. Hakukuwa na kitu. Kumbe palikuwa bado pamekufa. Neno nne lilikuwa limeshafika mwisho wa ulimi. Ningelisema, angefurahi, tungefungua duka, na mteja wa saa mbili alikuwa ameshaanza kugonga mlango. Machozi yakanipenya kwenye kope nilizofumba.

"Tatu," nikasema kwa pembe ya mdomo. "Wifi, nahisi tatu tu."

Nikafungua macho. Alikuwa amesimama mbele yangu, ameninyooshea kiganja. Pini ya nne ilikuwa bado humo.